ClamAV imekataa kuwaka? Usiifute bado

Juzi stima ilipotea usiku hapa Kisumu, UPS ya ofisi fulani ikazima, asubuhi naitwa ati meili haziingii wala hazitoki. Nikapiga mailq (amri ya kuonyesha barua zilizokwama kwa foleni) nikapata laini ndefu, na kila barua imeandikiwa chini ALL VIRUS SCANNERS FAILED. Hayo maneno yanamaanisha Amavis (programu inayopeleka kila barua ikaguliwe virusi) iko sawa, mwenye amelala ni clamd (ndiyo skana ya virusi ya ClamAV). Ungeona Connection refused kwa poti 10024 hapo ndio Amavis yenyewe imekufa, hiyo ni story ingine.

Kwanza tuliza mdosi. Barua hazijapotea, Postfix (sava ya meili) hukaa nazo siku 5 kama hujagusa setingi, kwa hivyo wacha hiyo haraka ya kufuta na kuinstoli upya.

Sasa piga systemctl status clamav-daemon na usome, usitazame rangi nyekundu tu. Kwa Ubuntu na Debian, ikisema inactive na condition failed, hakuna databesi ya sahihi (alama za kutambua virusi). Angalia na ls -lh /var/lib/clamav, lazima kuwe na main na daily, zikiishia cvd ama cld.

Yangu ilikuwa imeanza kuwaka ikaanguka, na journalctl -u clamav-daemon ikaniambia Malformed database. Kuangalia, daily.cld ni baiti 0! Stima ilikata katikati ya apdeti. Nikafuta hiyo faili moja, nikasimamisha clamav-freshclam (ndiyo huleta apdeti za databesi, na usipoisimamisha utaambiwa logi imefungwa na prosesi ingine), nikaendesha sudo freshclam, kisha nikawasha zote mbili. Usirudie freshclam mara kumi juu ya hasira, sava zao zitakufungia na kukuambia urudi kesho. Na tafadhali usitumie bando ya simu yako.

Ukiona signal=KILL, hiyo ni ramu. clamd hubeba sahihi zote za virusi kwa ramu, inapita GB 1, sasa wewe na VPS yako (sava ya kukodi) ya GB 1 unategemea nini? Ongeza ramu, ama utengeneze swap (sehemu ya diski inayosaidia ramu) ya GB 2, halafu kwa clamd.conf weka ConcurrentDatabaseReload no, juu bila hiyo kila apdeti hubeba databesi ya zamani na mpya pamoja. Skani itasimama kidogo wakati wa kupakia, lakini afadhali. Piga df -h pia, diski ikijaa hakuna kitu itawaka.

Ikishawaka ngoja. Inaweza chukua dakika moja na zaidi kabla clamd ianze kujibu kwa clamd.ctl (soketi, mlango wa Amavis kuongea nayo), na watu wengi huiua hapo hapo wakidhani imekwama. Ikianza kujibu, piga postqueue -f ili Postfix ijaribu tena zile zilizokwama.

Mimi nilikuwa bado nahesabu mailq ikishuka wakati sekretari aliita kutoka mbele, "Mbona zimeingia zote mara moja!"