Upele wa Mbuzi na Swala: Ushauri kwa Wafugaji wa Mombasa

Beberu alikuwa amepiga magoti kando ya mnazi, akijisugua shingo kwenye shina kwa nguvu hata manyoya yake yakabaki yamenasa kwenye nyufa za gome. Mwenyewe, mfugaji wa Mwakirunge huko Kisauni, alikuwa amemnunua sokoni Mariakani majuma matatu kabla ili amnenepeshe kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Muuzaji alimwambia kwamba mnyama huyo amelelewa upande wa Taita, kwenye malisho ambako mbuzi na swala hunywa maji mahali pamoja, na kwa hiyo mfugaji hakuwa na shaka kuwa maradhi yametoka porini. “Daktari, si hawa swala ndio walioniharibia mnyama wangu?” aliniuliza. Mimi ni afisa wa ugani wala si daktari, lakini huku kwetu kila anayeingia zizini na mkoba huitwa daktari, na swali lenyewe ni la haki, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Upele huu husababishwa na utitiri, mdudu mdogo wa jamii moja na kupe, mwenye miguu minane akishakomaa, na mfupi kuliko milimita moja. Wako wa aina kadhaa. Anayetusumbua zaidi kwa mbuzi ni sakoptesi, ambaye jike lake huchimba kijishimo ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo siku baada ya siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano, na kwa kawaida kizazi kizima hukamilika katika muda wa majuma mawili hadi matatu. Utitiri mwingine, soroptesi, hauchimbi bali hukaa juu ya ngozi, hasa ndani ya masikio, ambako mbuzi huonekana akitikisa kichwa bila kukoma. Korioptesi hupenda miguu na sehemu za chini za mwili. Demodeksi hujificha kwenye vinyweleo na kuacha vinundu vigumu ambavyo mchinjaji huviona ngozi ikishachunwa. Mfugaji halazimiki kuyakariri majina haya, ila ni vyema ajue kwamba dawa inayomfikia mdudu aliye juu ya ngozi si lazima imfikie yule aliyejichimbia ndani.

Tukirudi kwa swala, ni kweli kwamba wanyama wa porini huugua upele. Katika Masai Mara, sakoptesi ameonekana kwa swala tomi na nyumbu, na pia kwa duma na simba wanaowala, jambo linaloonyesha jinsi mdudu huyu anavyoweza kupita kutoka kwa windo hadi kwa mwindaji. Huko Marekani, kulungu wenye mkia mweupe hubeba soroptesi masikioni na demodeksi ngozini, na wengi wao huishi nao bila kudhoofika sana. Hispania ilipata pigo kubwa zaidi: upele ulioingia kwa mbuzi mwitu wa milima ya Cazorla mwaka 1987 uliwaangamiza zaidi ya asilimia 95 yao. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara hakuna kulungu wa asili wa namna ile ya Ulaya na Marekani, wenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Tulio nao ni paa wa vichaka vya pwani, pongo, swala pala wa Tsavo, na palahala wa Shimba Hills, na hawa wote ni ndugu wa karibu zaidi wa mbuzi na ng'ombe kuliko wa kulungu hao.

Hata hivyo, mdudu wa upele hujizoesha na aina ya mnyama anayemkaa. Anaweza kuvuka kutoka kwa swala kwenda kwa mbuzi au kinyume chake pale wanapogusana au kujikuna kwenye mti mmoja, lakini njia iliyo rahisi kwake kuliko zote ni kutoka kwa mbuzi hadi kwa mbuzi mwenziwe. Fikiria safari ya beberu yule: alisongamana na wenzake sokoni, akapakiwa kwenye lori akiwa amebanwa ubavu kwa ubavu, akashushwa na kufungwa kwenye uzio ambao juma lililopita ulifungiwa wengine. Kwa maoni yangu, mfugaji wa kisiwani, wa Likoni au wa Kisauni ana sababu kubwa zaidi ya kulihofia lori kuliko kumhofia swala.

Dalili huanza pale penye manyoya machache: pembeni mwa masikio, puani, kuzunguka macho, kwapani na kwenye mapaja ya ndani. Mnyama hujikuna mno, hasa jioni, hula kidogo na hukonda. Manyoya hupuputika, kisha ngozi hukauka, huwa nene na kujikunja mikunjo yenye magaga. Ukiikunja ncha ya sikio kwa vidole viwili utaihisi ngumu kama kifuu. Usichanganye hali hii na choa, ambacho huacha mabaka ya mviringo na kwa kawaida hakimuwashi mnyama kiasi hicho, wala na mbuzi aliyeliwa na chawa, ambao ukipasua manyoya utawaona wakitembea. Penye shaka, daktari wa mifugo hukwangua ukingo wa kidonda kwa kisu butu mpaka damu ichuruzike kidogo, kwa sababu utitiri huwa pembezoni mwa kidonda, mahali kinapoendelea kupanuka, wala si katikati palipokufa. Makwanguo hayo hutiwa katika kichupa chenye kifuniko na kupelekwa kwenye maabara ya uchunguzi wa mifugo, na iliyo karibu nasi ni ile ya Mariakani.

Matibabu ndiyo sehemu inayowashinda wengi, wala si kwa kukosa dawa. Sindano ya ivamektini, ambayo hudungwa chini ya ngozi na kamwe si kwenye msuli, huua utitiri lakini haiyaui mayai. Mnyama akidungwa leo huonekana amepona baada ya siku chache, mwenyewe akafurahi na kuifungia chupa kabatini, na kumbe mayai yaliyobaki yanaanguliwa na maradhi yanaanza upya. Sindano ya pili, baada ya siku 10 hadi 14, ni ya lazima kama ile ya kwanza, na penye magaga mazito daktari anaweza kuongeza ya tatu. Tena wadungwe mbuzi wote wa zizi, pamoja na wanaoonekana wazima, kwa maana mdudu hukaa kwa majuma kadhaa kabla ya dalili kujitokeza. Uzito upimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Anayekisia kwa macho hupunguza kipimo mara nyingi, na kipimo pungufu humzoesha mdudu dawa. Kipimo cha mbuzi kiamuliwe na daktari, kwani mwili wa mbuzi huiondoa dawa hii upesi kuliko wa ng'ombe.

Kwa mbuzi wa maziwa, ivamektini nyingi zilizoko madukani haziruhusiwi, na ni wajibu kusoma maandishi ya chupa. Hapo amitrazi, dawa ya kuogeshea, hufaa, kwa kufuata pia muda ulioandikwa wa kusubiri kabla ya kutumia maziwa. Ile ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji. Kwanza lainisha magaga kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uyasugue kwa brashi yatoke, kisha umloweshe mnyama mwili mzima hadi chini ya mkia na katikati ya kwato, na urudie baada ya siku saba hadi kumi. Mwogeshe asubuhi, akiwa amekwisha kunywa maji, ili akauke kabla ya usiku. Wenye farasi wa kupandisha watalii ufukweni wajue kwamba amitrazi ni hatari kwa farasi, na mwenye punda wa mkokoteni naye amweke mbali nayo.

Oili chafu ya gari, ambayo ningali naikuta imepakwa migongoni mwa mbuzi, huunguza ngozi na kumtia mnyama sumu anapojilamba. Mwarobaini hutuliza ngozi lakini hautoshi peke yake kumtoa mdudu aliyejichimbia ndani. Salfa iliyochanganywa na mafuta, kwa upande mwingine, ni tiba ya zamani yenye nguvu ya kweli, na si bure lugha yetu iliita kiberiti upele. Kasoro yake ni kwamba inataka kupakwa mara nyingi, na ni wachache wenye subira hiyo.

Zizi lenyewe lisisahauliwe. Nje ya mwili wa mnyama utitiri huishi siku chache tu kwenye joto kavu, lakini unyevu humrefushia maisha, na Mombasa haina upungufu wa unyevu. Wakati wa masika, mbuzi wanapobanana chini ya makuti kukwepa mvua, maambukizi huenea haraka zaidi. Ondoa samadi na matandiko ya zamani, sugua nguzo wanazojikunia, na uliache banda tupu likipigwa na jua kwa muda wa majuma mawili ikiwa una mahali pengine pa kuwaweka. Mbuzi yeyote mgeni atengwe kwa siku 30 kwenye kamba na chombo chake mwenyewe. Anayewahudumia avae mikono mirefu na anawe kwa sabuni, kwa sababu mdudu huyu huweza kumwasha binadamu mikononi na tumboni kwa siku kadhaa, ingawa yule wa mbuzi hadumu mwilini mwetu mara mnyama akishatibiwa.

Ukimwona paa au pongo aliyenyonyoka manyoya akizubaa karibu na makazi, usimkamate, usimtibu, wala usimle. Uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977. Piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, utaje mahali na idadi uliyoiona, kisha rudi ukawageuze masikio mbuzi wako mmoja baada ya mwingine.

Beberu wa Mwakirunge alidungwa mara mbili na manyoya yakaanza kuchipuka shingoni. Idi ilimkuta bado yumo ndani ya siku ambazo nyama yake isingeruhusiwa kuliwa, na hata bila hivyo, madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi huku pwani hayakubali udhhiya, yaani dhabihu ya Idi, ya mnyama mwenye upele. Mwenyewe akarudi Mariakani kununua mwingine, na safari hii alimkunja ncha za masikio kabla ya kutoa pesa mfukoni.