Namna ya Kumsaidia Askari wa Zamani Mwenye Skizofrenia Kupata Kazi na Kudumu Nayo

Anayetaka kumsaidia askari wa zamani mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, arudi kazini aanze kwa kuacha dhana moja iliyozoeleka, kwamba sauti anazozisikia lazima zinyamaze kabisa ndipo kazi itafutwe. Nchini Marekani, ambako Idara ya Maveterani ina huduma za ajira katika hospitali zake, upo mfumo wa ajira yenye msaidizi ulioasisiwa New Hampshire na Robert Drake na Deborah Becker, ambao humpokea yeyote anayetaka kufanya kazi hata kama dalili bado zipo, na huanza kumtafutia ajira ya kawaida, yenye mshahara wa kawaida, mapema iwezekanavyo. Sharti ni nia ya mhusika mwenyewe, wala si ya daktari wake au ya mama yake.

Basi ombeni kwa timu inayomtibu apangiwe mtaalamu wa ajira, na mhakikishe kwamba mtaalamu huyo anakaa meza moja na daktari na mnasihi badala ya kuwasiliana nao kwa barua. Hospitali hizo hutoa pia kazi za mpito za muda maalumu. Zinamfaa anayetaka kwanza kujipima, ila kwa maoni yangu asiachwe azoee huko, kwa kuwa muda ukiisha atalazimika kuanza upya mahali pageni.

Kabla ya siku ya kwanza kazini, mkae na mshauri wa mafao. Hofu ya kupoteza malipo huwarudisha watu nyumbani kimyakimya, na mara nyingine haina msingi: anayelipwa bima ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, kwa mfano, ana miezi 9 ya kujaribu kazi bila malipo hayo kukatwa, na si lazima miezi hiyo ifuatane. Aliyepewa fidia ya juu na Idara ya Maveterani kwa sababu ya kutoweza kuajiriwa ana masharti mengine, na hayo ayaulize mapema.

Kupata kazi, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Huko Indianapolis, Paul Lysaker na wenzake walitengeneza tiba ya fikra na tabia inayohusu kazi tu, wakaijaribu kwa watu 100 waliopangiwa kazi kwa wiki 26. Waliopata tiba hiyo, katika kikundi na ana kwa ana na mnasihi, walifanya kazi kwa muda mrefu zaidi na kwa ubora zaidi kuliko waliopewa msaada wa kawaida. Tiba hiyo haikulenga sauti peke yake, bali pia ile imani ya mtu kwamba atashindwa tu.

Chukueni mfano wa msimamizi wa ghala aliyempita mfanyakazi asubuhi bila kumsalimu. Mfanyakazi anahitimisha kwamba anafukuzwa, usiku halali, na kesho yake haendi kazini. Mnasihi hamwambii kwamba amekosea. Humwomba aandike kwenye daftari kilichotokea, wazo lililomjia, dalili zinazoliunga mkono na zinazolipinga, kisha maelezo mengine yanayowezekana, kama vile kwamba msimamizi alikuwa na haraka. Halafu wanafanya mazoezi ya kumwendea msimamizi na kumuuliza, mmoja akiigiza nafasi ya bosi, mpaka maneno yatoke bila kukwama. Aliyetoka jeshini huhitaji zoezi hili mara dufu, kwani alizoea mahali ambapo amri hutolewa waziwazi na cheo huonekana begani, ilhali uraiani mengi huachwa yakisiwe.

Ugonjwa huu hudhoofisha pia kumbukumbu na umakini. Orodha ya kazi za siku iliyobandikwa ukutani na maelekezo yanayotolewa moja baada ya jingine husaidia sana. Dawa zikimlevya usingizi asubuhi, aombe zamu ya mchana, au amwombe daktari abadilishe saa ya kumeza dozi. Asiziache kwa kificho ili awahi basi. Sheria ya mwaka 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu humpa haki ya kuomba marekebisho ya namna hii kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, lakini uamuzi wa kueleza hali yake ni wake, na mtaalamu wa ajira asizungumze na mwajiri bila ridhaa yake.

Andikeni pamoja dalili zake za mwanzo za kuzidiwa, kama kukosa usingizi siku mbili mfululizo au kuanza kuwakwepa wenzake wakati wa chakula, na jina la mtu atakayepigiwa simu. Akifikia hatari ya kujidhuru, apige 988, simu ya msaada ya Marekani kwa walio katika hatari hiyo, kisha abonyeze 1 ili aunganishwe na huduma ya askari wa zamani. Na kazi ikipotea, mtaalamu wa ajira akutane naye wiki hiyohiyo, wapitie daftari kuona ni kazi zipi alizimudu na ni saa zipi zilimlemea, kisha waanze kutafuta nyingine.