Sheria ya Martyn: jinsi ya kuandaa ukumbi wenu kabla haijaanza kubana

Mkisimamia ukumbi, klabu au nyumba ya ibada Uingereza, anzeni sasa. Sheria hii, inayotaka kumbi zijiandae dhidi ya mashambulizi ya kigaidi, ilipitishwa 3 Aprili 2025, ikapewa jina la Martyn Hett, mmoja wa watu 22 waliouawa katika shambulio la bomu Manchester Arena mwaka 2017. Mama yake, Figen Murray, ndiye aliyeipigania. Muda wa maandalizi ni angalau miezi 24.

Kwanza, hesabu ya watu, ili mjue kama sheria inawahusu. Hapa kamati yetu ilikwama kikao baada ya kikao. Haiulizwi siku ya kawaida mnapata wangapi, bali kama kuna nyakati mnazotarajia watu 200 au zaidi wawemo ndani kwa pamoja, hata kama ni harusi za msimu tu. Wafanyakazi nao wamo. Mhazini wetu alipigana kufa na kupona wapishi wasihesabiwe. Leteni mezani daftari la sherehe zilizopita na idadi ya juu iliyowekwa kwa usalama wa moto, mabishano yataisha. Watu 200 hadi 799 ni daraja la kawaida, 800 kwenda juu ni daraja la juu. Nyumba za ibada hubaki la kawaida hata zikifurika.

Pili, amueni nani anawajibika. Ni yule mwenye mamlaka juu ya jengo, si lazima mwenye hati. Mkiwa wapangaji, maliza hilo na mwenye nyumba kwa maandishi, maana kwa mdomo kila mtu humsukumia mwenzake.

Tatu, taratibu nne za kufuata shambulio likitokea: kuwatoa watu nje, kuwaingiza mahali salama ndani, kufunga milango, na kuwapa taarifa. Wafanyakazi wazijue.

Hapo ndipo washauri watakapobisha hodi na bei zao. Aliyetujia sisi alitaka kutuuzia kamera na cheti, akitutisha kwa faini ya pauni milioni 18. Hiyo ni ya daraja la juu (au asilimia 5 ya mapato ya dunia nzima, ikizidi hapo). La kawaida mwisho wake pauni 10,000, pamoja na ya kila siku mkikaidi. Na daraja la kawaida halidai vifaa vyovyote; mwongozo wa ProtectUK, tovuti rasmi ya ushauri wa kujikinga na ugaidi, ni bure.

Mwisho, sheria ikianza kutumika, mtaijulisha Security Industry Authority, mamlaka inayosimamia sheria hii, kwamba jengo liko chini yenu. Msimamizi akibadilika, mnaijulisha tena.