Kupiga kambi ufukweni: soma maji kwanza, hema baadaye

Ukifika kijiji kidogo cha pwani, utatamani kulala karibu kabisa na mawimbi. Subiri kwanza.

1. Omba ruhusa. Ufuko unaoonekana mtupu una wenyewe. Wavuvi watakuonyesha wanapovuta mashua alfajiri ili usiwazibie njia. Uliza pia maji ya kunywa na choo.

2. Tafuta alama ya maji. Hatua hii usiiharakishe. Tembea ukitazama mistari ya mwani na vijiti. Mara nyingi utaona miwili: wa chini bado mbichi, ni wa maji ya leo, wa juu umekauka na kupauka, umeachwa na bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Hema likae juu ya huo wa pili, tena kwa nafasi ya kutosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ukiwa nusu, maji ni mafu, yaani hayapandi sana.

Sehemu nyingi bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo maji yakijaa saa 10 alasiri, yatajaa tena karibu saa 10 na nusu alfajiri, wewe ukiwa usingizini.

Epuka mkondo mkavu wa kijito, maana mvua ikinyesha mbali huleta maji ghafla. Usikanyage majani ya kwenye matuta ya mchanga. Mizizi yake ndiyo inayoyashikilia.

3. Funga hema. Vigingi vya kawaida hung'oka mchangani. Mimi hutumia mifuko ya kitambaa: jaza mchanga, funga kamba shingoni, fukia kina cha kufika kiwikoni, mwagia maji, shindilia kwa mguu. Kisha ivute kamba kwa nguvu, kwa mshazari. Mchanga wa juu ukipasuka, chimba zaidi.

Funga pande zote, hata ile iliyotulia. Mchana upepo huvuma kutoka baharini; usiku nchi kavu ikipoa, hugeuka na kuelekea baharini.

4. Moto. Uzime kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi. Usiufukie: mchanga hutunza joto, na watoto wa kijiji hupita hapo pekupeku. Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata likibaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

5. Usiku. Punguza taa, hasa panapotaga kasa. Vitoto vyao huifuata nuru wakadhani ndiyo bahari.

6. Kuondoka. Suuza zipu na nguzo kwa maji yasiyo na chumvi, anika hema likauke kabisa. Fukua mifuko yote, usawazishe mashimo, uchukue taka zako, kisha pita kwa mwenyeji umuage.