Deheni ya mashua: uliza kwanza chombo kinalala wapi

Mwenye chombo akifika kwa mjomba wangu pale Mikindani, Mtwara, huanza na habari za safari zake: anavua nje ya Msimbati, anavusha abiria wa Msangamkuu, au ana mzigo wa Kilwa. Mjomba humsikiliza kwa heshima zote, kisha anamuuliza jambo moja tu. Chombo kinalala wapi? Deheni atakayoichanganya, yaani chokaa na mafuta ya mnyama ya kupaka mbao za chini ya maji, itafuata jibu la swali hilo, wala haitafuata safari.

Sababu yake ni nyepesi. Chombo kikiwa mwendoni maji yanakisugua, na viumbe wa baharini hawapati nafasi ya kushika. Ni kikitia nanga na kutulia ndipo ukoga unapoota, chaza wadogo wanapoganda na watoboaji wanapoingia ndani ya mbao. Mimi ni mwenye mashua, fundi ni yeye, lakini nimekaa naye pwani miaka mingi nikikwangua na kupaka. Ninawaandikia hasa ninyi mnaonunua mashua ya mkono wa pili kwa fedha za korosho, maana kila mwaka msimu ukiisha nawaona pwani mnafurahia tanga jipya na rangi ya ubavuni, na chini ya maji hakuna aliyetazama.

Ukoga na chaza vinakera. Chombo kinakuwa kizito, tanga linavuta kwa shida, mashine inakula mafuta. Hata hivyo vinakwanguka. Anayemaliza mashua ni yule mtoboaji mweupe, laini, mrefu, anayeishi ndani ya ubao. Watu humwita mnyoo, lakini ni jamaa ya chaza na kombe. Kichwani ana magamba mawili madogo, na kwa hayo husaga mbao. Huingia akiwa mchanga, hata jicho halimwoni, halafu hukua humo humo, kwa hiyo tundu la nje hubaki dogo mno wakati ndani amechimba njia nene. Usiamini macho. Chukua nyundo ugonge ubao mmoja mmoja kuanzia mkukuni, ule mti mrefu wa chini kabisa, kwenda juu. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, na iliyoliwa hutoa sauti ya uwazi. Iliyoliwa haiponi kwa deheni, ing'olewe iwekwe nyingine.

Sasa turudi kwenye kulala.

Ngalawa au mtumbwi unaovutwa mchangani kila ukirudi hauna haja ya deheni nzito. Watoboaji hawapendi ukavu, na mchanga wenyewe utaikwangua deheni yote mkukuni kabla ya wiki kuisha. Adui wa chombo cha namna hiyo ni jua. Kipake mafuta ndani na nje, kifunike kwa makuti mchana, na kikikaa siku nyingi bila kwenda baharini kimwagie maji ya bahari ndani ili mbao zisiachane.

Mashua inayolala ndani ya ghuba tulivu, karibu na mikoko, ndiyo inayohitaji deheni kuliko zote. Hapo Mikindani maji yametulia na yana joto, na magogo ya mikoko iliyokufa yamejaa watoboaji hao hao ambao mbao zako kwao ni chakula kama mti mwingine wowote. Paka nene, usiache hata upana wa kidole, na rudia kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Wako watakaokwambia miezi sita inatosha. Kwa chombo kinacholala kwenye mikoko, mimi sikubali.

Mashua inayolala mahali penye mkondo na mawimbi, kama upande wa Msimbati, hupata ukoga zaidi kwa sababu maji ni maangavu na jua linafika chini. Hapo deheni nyembamba iliyolainishwa vizuri inafaa kuliko nene yenye mabonge, kwa kuwa mabonge hung'olewa na maji na kuacha mbao wazi.

Lindi ni habari nyingine, maana ghuba yake hupokea maji ya mto Lukuledi. Msimu wa mvua maji hupungua chumvi, na watoboaji wengi hawavumilii maji yasiyo na chumvi. Vivyo hivyo kwa anayelala maingilio ya mto Ruvuma. Wenye vyombo huko huona mambo shwari hadi Aprili, wakasahau. Mvua ikikatika chumvi inarudi, na wadudu wanarudi nayo. Kama chombo chako kinalala kwenye maji ya mto, Mei usiipite bila kupaka upya.

Siku ya kazi huchaguliwa na mwezi. Maji ya bamvua, yaani yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu huku siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Hiyo ni neema kwa mpakaji, kwa sababu unafanya kazi mchana kweupe. Pandisha chombo siku moja au mbili kabla ya bamvua kufika kileleni, ili maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo na yakutoe. Ukipandisha siku ya kilele, maji yanayofuata yatakuwa yanapungua, na unaweza kukaa mchangani hadi bamvua jingine. Kama una mbao za kubadilisha na fundi anataka siku nyingi, hapo ndipo unapandisha siku ya kilele kwa makusudi.

Chagua mchanga mgumu wenye mteremko mdogo, usio na mawe. Maji yakianza kutoka, kigadimu chombo pande zote mbili kwa magadi imara, yaani miti ya kukiegemeza, na chini ya kila gadi weka kipande cha ubao lisizame. Toa mzigo wote, nanga na mawe ya farumi, yale ya kukitulizia chombo. Watoto wasicheze chini ya ubavu hata kidogo. Gadi likiteleza, chombo hakimsubiri mtu.

Kwangua wakati mbao bado zimelowa. Ukoga mbichi hutoka kwa kumbi la nazi na ufagio wa makuti, na chaza hutoka kwa kisu butu kikiwa kimelala. Ukisubiri jua likaushe, kila chaza atang'oka na uzi wa mbao. Anza juu, ufuate maji yanavyoshuka. Mkuku unakuja mwisho, na ndio watu wanauruka kwa sababu lazima ulale chini mchangani. Lala. Watoboaji hupenda pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, maana pamba inayoziba kiungo hapo huchakaa mapema na mkono wa mpakaji haufiki.

Baada ya kukwangua, choma. Funga makuti makavu katika miganda myembamba, washa, na upitishe moto chini ya ubavu bila kusimama mahali pamoja. Unataka mbao zikauke, zipate joto mpaka majimaji yachemke kwenye vitundu, lakini zisigeuke mkaa. Moto huu huua mizizi ya ukoga na watoboaji walio karibu na uso. Weka ndoo za maji tayari, simama upande upepo unakotoka, na usiukaribishe moto kwenye viungo vyenye pamba iliyopakwa mafuta. Chombo kilichowahi kutiwa rangi ya dukani chini usikichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Kisha tazama kalafati, yaani pamba ya kuziba viungo vya mbao. Pamba iliyolegea itoe, ingiza mpya iliyochovywa mafuta, uipige kwa chembeu na nyundo mpaka igome. Usiijaze kupita kiasi, kwa kuwa mbao zikinywa maji zitavimba na kuisukuma nje.

Deheni yenyewe ni chokaa na shahamu. Mjomba hupendelea shahamu ya figo za ng'ombe kwa sababu ni ngumu kuliko mafuta mengine ya mnyama. Mwagizie mwenye bucha mapema. Iyeyushe kwa moto mdogo, ichuje nyuzi. Chokaa iwe ile iliyochomwa na kuzimwa, unga mkavu, mfuko mpya. Mfuko uliofunguliwa ukakaa ghalani miezi hupoteza nguvu, maana chokaa hunywa hewa taratibu na kurudia kuwa jiwe la kawaida. Mimi huanza na kopo moja la shahamu iliyoyeyuka kwa makopo mawili ya chokaa, naikanda kwa mti, kisha naongeza chokaa kidogo kidogo mpaka ishike ubavuni bila kuteremka. Shahamu na chokaa zikikutana, sehemu yake hugeuka sabuni, lakini ni sabuni isiyoyeyuka majini. Ndiyo inayoziba vitundu, na ndiyo inayobanduka polepole pamoja na chochote kilichojaribu kuganda juu yake.

Nimewahi kusoma kwamba katika nchi za theluji watu hupaka nta chini ya mbao zao za kutelezea, na wana nta ngumu ya siku za baridi kali na nta laini ya siku theluji inapolowa. Deheni nayo haitaki kipimo kimoja mwaka mzima. Julai na Agosti, kusi likivuma, shahamu huganda upesi hata kabla hujaisambaza. Ongeza mafuta ya nazi kidogo na upake ikiwa bado vuguvugu. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ubavu ulio juani huwa wa moto na deheni laini itateremka yote mkukuni. Zidisha chokaa, punguza mafuta ya maji, na paka ubavu ulio kivulini.

Paka kwa mkono, lakini mkono uwe na glavu nzito, kwani chokaa huunguza ngozi. Ikiruka jichoni, osha hapo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, halafu nenda zahanati. Sukuma deheni kuingia kwenye viungo na vitundu kwanza, ndipo uisambaze. Pitisha kiganja kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, kufuata njia ya maji. Ukimaliza ubavu, tembea nyuma hatua chache uutazame jua likiwa pembeni: palipobaki mbao tupu patajionyesha.

Chokaa ya matumbawe msiitumie, hata kama ipo ya bei nafuu na hata kama wazee waliisifu. Tumbawe linakua polepole mno, na samaki tunaowafuata kwa vyombo hivi hivi huzaliana na kujificha humo. Ukanda wa Msimbati hadi Ruvuma umekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na kung'oa matumbawe humo ni kosa. Ya mfuko inatosha.

Jambo jingine linaloniuma ni oili chafu ya magari. Watu wanaipaka chini ya mashua kwa sababu wanaipata bure gereji. Ghuba yetu imefungwa pande nyingi, oili ikielea haina haraka ya kutoka. Akina mama wanaookota chaza na pweza maji yakipwa wanaikanyaga, na wenye mwani inawagandia kwenye kamba. Tafadhalini, msiipake.

Sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ni ya juu ya maji na ya ndani, haichukui nafasi ya deheni. Hulainisha mbao zisipasuke, na harufu yake mtu huizoea. Lakini papa wamepungua sana, na sifa nzuri ni shida kupatikana. Mjomba sasa hupaka mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo, kwa mafuta ya maganda ya korosho, ambayo India hutumika kwenye mbao za boti tangu zamani, na sisi watu wa Mtwara tunayo mlangoni. Yapake membamba, siku ya jua, na ujifunike vizuri. Aliyewahi kubangua korosho bila majivu mikononi anajua yanavyobabua.

Kama umeamua kutumia rangi ya dukani ya kuzuia viumbe, ile yenye shaba, usiipake juu ya deheni, haitashika. Kwangua mafuta yote, acha mbao zikauke kwa siku nyingi, na ufuate maelezo ya kopo. Rangi kuukuu zenye madini ya bati mtu akikuletea, zikatae. Mkataba wa kimataifa wa kuzizuia ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2008, kwa sababu zilikuwa zinaharibu konokono na chaza hata kwa kipimo kidogo sana.

Maji yakirudi, kuanzia saa saba mchana, uwe hapo hapo. Toa magadi chombo kikianza kuelea, si kabla. Usiku wa kwanza mashua itavuja, usishtuke. Mbao zilizokauka zinahitaji muda kuvimba. Mtu alale karibu na upo, chombo cha kutekea maji, afue maji ngamani, pale chini ndani ya mashua yanapokusanyika, kila baada ya saa chache. Siku ya pili yapungue. Kama siku ya tatu bado unafua kiasi kile kile, kuna kiungo kimerukwa: fuata maji yanapoingilia ukiwa ndani, tia alama kwa mkaa kwenye ubao, na urudishe chombo mchangani kabla bamvua halijaisha.