Jinsi ya Kuandaa Ziara ya Kikundi cha Wazee Kisiwani Okinawa

Anayekabidhiwa jukumu la kupeleka kikundi cha wazee Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, aanze kwa kumtambua yule anayetembea polepole kuliko wenzake wote, kisha apange ratiba nzima kwa mwendo wa mtu huyo. Ziara ya wazee huharibika pale mwandaaji anapohesabu vivutio na kusahau kuhesabu ngazi, vyoo na mahali pa kukaa. Kwa maoni yangu vivutio viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kingine alasiri, vinatosha kabisa, na mzee aliyechoka ifikapo saa nane mchana asifanywe ajione kuwa amewachelewesha wenzake.

Chagueni mwezi mapema, kwani hali ya hewa ya kisiwa hiki ina uzito kuliko jambo jingine lolote. Msimu wa mvua kwa kawaida huanza Mei na kuendelea hadi karibu mwisho wa Juni. Julai na Agosti huwa na joto lenye unyevu linalowachosha hata vijana, na vimbunga huwa vingi zaidi Agosti na Septemba. Novemba ndio mwezi ninaoupendekeza, na baada yake Machi hadi katikati ya Aprili. Siku za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei ziepukwe, kwa sababu Wajapani wengi husafiri katika sikukuu zinazofuatana wakati huo, na vyumba huwa adimu na ghali.

Suala la dawa lisiachwe hadi wiki ya mwisho. Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa zilizoandikwa na daktari kwa matumizi yasiyozidi mwezi mmoja; anayehitaji zaidi ya hapo huomba kibali kwa wizara ya afya ya nchi hiyo kabla ya kusafiri. Baadhi ya dawa ambazo kwingine huuzwa bila shida zimepigwa marufuku kabisa, zikiwamo zenye amfetamini na baadhi ya dawa za mafua zenye kiasi kikubwa cha pseudoephedrine, kwa hiyo kila mzee aandike majina ya dawa zake zote na mtu mmoja azikague moja baada ya nyingine. Dawa zibaki katika pakiti zake za asili, ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Kila mmoja pia abebe kadi yenye jina la hoteli kwa Kijapani, maradhi aliyonayo, na namba 119 ya kuita gari la wagonjwa.

Kuhusu malazi, kaeni hoteli moja tu mjini Naha, mji mkuu wa Okinawa, kwa muda wote, kwani kufungasha na kufungua mizigo kila siku huwachosha wazee kuliko safari yenyewe. Ulizeni waziwazi kama vyumba vina vitanda: nyumba za wageni za kijadi hutandika magodoro sakafuni, na mwenye magoti mabovu hupata taabu kuinuka usiku. Viatu visivyo na kamba vitawafaa wote, maana kuna mahali pengi ambapo hamtaingia navyo.

Sasa vivutio vyenyewe. Jumba la samaki la Churaumi, lililofunguliwa mwaka 2002 katika mji wa Motobu, liko mwendo wa takriban saa mbili kwa basi kutoka Naha, nalo lipewe siku yake pekee. Tangi lake kubwa lina maji mita za ujazo 7,500, na ndani yake huogelea papa potwe. Wazee wanaweza kukaa mbele ya kioo kwa muda mrefu bila kuhisi wamepitwa na jambo. Viti vya magurudumu huazimwa bila malipo. Zingatieni kwamba matembezi ya humo huanzia juu na kuishia chini, na kwamba bustani nzima inayolizunguka jumba hilo inateremka kuelekea baharini, kwa hiyo nguvu na usafiri viwekwe akiba kwa ajili ya kurudi.

Kasri la Shuri, makao ya zamani ya wafalme wa kisiwa hiki huko Naha, liliteketea kwa moto tarehe 31 Oktoba 2019, na ujenzi wake upya umekuwa wa kuvutia kuutazama. Reli ya juu ya Yui inafika karibu, na vituo vyake vina lifti, lakini kutoka kituoni hadi kasri kuna mwendo wa mguu wenye mpando, chukueni teksi. Sefa-utaki, mahali patakatifu pa zamani, nawashauri mwaachie wenye miguu imara pekee, kwani njia yake ni ya mawe yasiyo sawa na yanayoteleza.

Bustani ya Amani huko Mabuni, mjini Itoman, haihitaji haraka. Kuta zake nyeusi zimechongwa majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa katika vita vya mwaka 1945, wenyeji na wageni, askari na raia. Wapo wazee watakaotaka kusimama pale kimya, na ratiba iwape nafasi hiyo.

Kwa chakula, wasiotumia nyama ya nguruwe waulize kila mara, kwa kuwa hata supu ya tambi za Okinawa kwa kawaida huchemshwa kwa mifupa yake.

Mwisho, ombeni msaada wa viti vya magurudumu kwa shirika la ndege siku kadhaa kabla, na kama mnarudi nyumbani kupitia Tokyo, msipange ndege ya kimataifa siku ileile mnayoondoka Naha. Kimbunga kikifunga uwanja, siku moja tupu mjini Tokyo itawaepusha wazee na usiku wa kulala kwenye viti.