Umepitiliza siku Thailand na unatoka kwa njia ya nchi kavu: fanya hivi

Kama unasoma hapa ukiwa na pasipoti mkononi, umehesabu siku kwa vidole mara tatu na kila mara zimezidi, tulia kwanza. Siku mbili, tatu, hata kumi za kupitiliza nchini Thailand zina dawa inayojulikana. Unakwenda mwenyewe mpakani, unalipa faini ya baht 500 kwa kila siku iliyozidi, unagongewa muhuri wa kutoka, unavuka. Kwa anayejipeleka mwenyewe, mambo kwa kawaida huishia hapo.

Kinacholigeuza jambo hili dogo kuwa kubwa ni kukutwa na polisi kabla hujafika kwenye dirisha la uhamiaji. Kwa hiyo karibu kila ninalokuambia hapa chini lina shabaha moja: ufike dirishani kwa miguu yako, ukiwa na hesabu sahihi na pesa kamili.

Soma muhuri, usisome viza

Wengi wanaopitiliza si wakaidi. Wamesoma tarehe isiyo yake. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ina tarehe ya mwisho ya kuitumia kuingia nchini, na mtu akiiona iko mbali anadhani ana ruhusa ya kukaa hadi siku hiyo. Sivyo. Ruhusa ya kukaa imo kwenye muhuri mdogo uliogongewa ulipoingia, wenye tarehe mbili: ya juu ni siku uliyoingia, ya chini ni siku ya mwisho ya kuwemo nchini kihalali. Mara nyingine wino umefifia au muhuri umegongwa juu ya mwingine. Ipeleke pasipoti kwenye mwanga, piga picha, ikuze kwenye simu mpaka uwe na hakika na tarakimu.

Jambo la pili linalowaponza watu ni kwamba siku ya kuingia nayo inahesabiwa. Tuseme umeingia tarehe 10 Machi kwa viza ya utalii ya siku 60. Machi inakupa siku 22, Aprili 30, jumla 52, zinabaki nane. Siku yako ya mwisho ni 8 Mei. Aliyeanza kuhesabu tarehe 11 Machi atajiona yuko sawa hadi tarehe 9, naye tayari kapitiliza siku moja.

Sasa hesabu faini, na uhesabu hadi siku utakayosimama dirishani, si siku utakayopanda gari. Hapa ndipo safari za usiku zinapowakamata watu. Ukipanda treni ya usiku Bangkok tarehe 10 kwenda Nong Khai, utafika asubuhi ya tarehe 11. Kwa muhuri wa 8 Mei, hizo ni siku tatu: ya 9, ya 10 na ya 11. Baht 1,500. Ukifika mpakani umeshafungwa, ukalala hotelini hadi asubuhi, ongeza 500 nyingine.

Faini ina kikomo cha baht 20,000, ambacho unakifikia siku ya 40. Tafadhali usikichukulie kikomo hicho kama ruhusa ya kukaa zaidi, maana mbele yake kuna kitu kizito kuliko pesa.

Marufuku ya kuingia tena

Tangu tarehe 20 Machi 2016 Thailand inatumia kanuni zinazotofautisha watu wa aina mbili: aliyejisalimisha na aliyekamatwa. Anayejitokeza mwenyewe mpakani au uwanja wa ndege akiwa amepitiliza siku zisizozidi 90 analipa faini tu, hapewi marufuku. Akizidisha siku 90, anafungiwa mwaka 1. Zaidi ya mwaka mmoja, miaka 3. Zaidi ya miaka mitatu, 5. Zaidi ya miaka mitano, 10.

Anayekamatwa hana ngazi hizo za huruma. Hata kama kapitiliza chini ya mwaka mmoja, marufuku ni miaka 5, na zaidi ya mwaka ni 10. Juu ya hapo, Sheria ya Uhamiaji ya 1979 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 2, faini ya hadi baht 20,000, au vyote viwili. Fikiria basi watu wawili waliopitiliza siku sita kila mmoja. Mmoja anafika dirishani, analipa 3,000, anaendelea na safari yake. Mwingine anaombwa pasipoti kwenye kizuizi cha barabarani na anaweza kujikuta rumande, kisha anarudishwa kwao, mlango umefungwa miaka mitano. Tofauti yao ni nani aliyekutana na sheria kwanza, na wapi.

Kama siku yako bado haijapita

Basi una bahati, itumie leo. Nenda ofisi ya uhamiaji iliyo karibu (Bangkok ni ile ya Chaeng Watthana), jaza fomu TM.7 ya kuomba kuongezewa siku, peleka pasipoti, nakala za kurasa zake, picha ya sentimita 4 kwa 6 na baht 1,900. Mwenye viza ya utalii huongezewa siku 30. Ofisi hazifungui Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho. Na ukitaka kulinganisha, siku nne za faini ni baht 2,000: unalipa zaidi ya gharama ya kuongeza mwezi mzima, tena unabaki na doa kwenye pasipoti.

Aliyelazwa hospitalini asikae kimya. Daktari aandike barua, na mtu mwingine aipeleke uhamiaji kabla tarehe haijapita.

Chagua mpaka na jiandae kabla ya kuondoka

Kwenda Laos, njia iliyozoeleka zaidi ni Nong Khai, kwenye Daraja la Urafiki la kwanza juu ya mto Mekong, lililofunguliwa 1994. Dirisha liko wazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kuna pia Mukdahan na Chiang Khong. Kwenda Malaysia kuna Padang Besar, ambako unaweza kufika kwa treni na ofisi za nchi zote mbili zimo ndani ya kituo kimoja, au Sadao kwa barabara. Kumbuka saa ya Malaysia iko mbele kwa saa moja. Ukisoma muda wa kufunga, jua umeandikwa kwa saa ya upande gani. Mipaka ya Kambodia, Aranyaprathet ikiwemo, ilifungwa mwaka 2025 wakati wa mgogoro wa nchi hizo mbili, hivyo usielekee huko bila kuhakikisha siku hiyohiyo kwamba imefunguliwa.

Kabla ya kukata tiketi, hakikisha unakokwenda watakupokea. Hili ndilo jambo ninaloliona likisahaulika kuliko yote. Mtu anapania kutoka tu, anafika ng'ambo, anaambiwa hana viza, anarudishwa. Sasa yuko mbele ya ofisa wa Thailand, akiwa na muhuri mpya unaosema alipitiliza, akiomba kuingia tena. Kwa Laos, angalia kama uraia wako unaruhusiwa viza ya mpakani. Kama una shaka, omba viza ya kielektroniki mapema, Daraja la Urafiki la kwanza wanaipokea. Kwa Malaysia, hata asiyehitaji viza anajaza kadi ya kidijitali ya kuwasili ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Kisha pesa. Beba baht taslimu, kiasi kamili cha faini na siku moja ya ziada kwa tahadhari. Usitegemee kadi, usitegemee kubadilisha dola ukiwa kwenye foleni. Ziweke kwenye bahasha peke yake ili usitoe kitita mfukoni mbele ya watu.

Njiani

Nenda moja kwa moja. Huu si wakati wa kupitia kisiwani kuaga marafiki. Panda treni au basi la kawaida la kampuni iliyosajiliwa, usiendeshe pikipiki ya kukodi, usijiingize kwenye ugomvi wala sehemu za ulevi, maana popote polisi wanapoitwa wanaanza na pasipoti. Barabara za kuelekea mipakani zina vizuizi vya ukaguzi, hasa kusini na upande wa Mae Sot, karibu na Myanmar. Ukisimamishwa, usikimbie wala usidanganye. Onyesha tiketi ya kwenda mpakani, bahasha ya faini na viza ya nchi ya pili kama unayo. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba utaachiwa, lakini mtu aliye njiani kujisalimisha, mwenye ushahidi mkononi, ana neno la kusema.

Utakutana pia na watu wanaojitolea kukusaidia. Mmoja atasema ana jamaa uhamiaji wa kukurekebishia muhuri, mwingine atataka kukuvusha Mekong kwa mtumbwi usiku. Kataa wote wawili. Muhuri wa kughushi ni jinai inayofuta kabisa udogo wa kosa lako la kwanza, na aliyevuka bila muhuri wa kutoka bado anahesabika yuko Thailand, siku zinaendelea kuongezeka, na upande wa pili ameingia kinyume cha sheria.

Dirishani

Fika asubuhi. Kama umekuja na basi dogo linaloendelea safari, mwambie dereva kwamba utachelewa na shuka na mizigo yako yote, kwa sababu shughuli ya faini inachukua muda na magari mengi hayangoji.

Foleni ni ileile ya wasafiri wote. Ukifika, msalimie ofisa, mpe pasipoti ikiwa wazi kwenye ukurasa wa muhuri, na useme mwenyewe kwamba umepitiliza siku kadhaa na umekuja kulipa. Usingoje agundue. Mimi nilipovuka Nong Khai nikiwa na siku nne zilizozidi, nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu. Ofisa hakuyataka. Alitazama muhuri, akavuta kalenda ndogo ya mezani, akagusa kwa ncha ya kalamu siku moja baada ya nyingine, nne, kisha akaandika 2,000 kwenye kipande cha karatasi na kunigeuzia niione. Niliitikia kwa kichwa. Akanielekeza kiti cha pembeni.

Hapo pembeni unajaziwa fomu ya kukiri kosa. Soma jina lako, namba ya pasipoti na idadi ya siku kabla ya kutia sahihi. Kosa la tarakimu ni rahisi kusahihishwa pale, si ukishavuka. Ukiona hesabu yao imezidi yako, uliza kwa upole wameanzia tarehe ipi, mhesabu pamoja. Unalipa, unapewa stakabadhi, pasipoti inagongewa alama ya kupitiliza na muhuri wa kutoka.

Usiondoke bila stakabadhi hiyo. Na usishtuke ukiona imeandikwa mwaka kama 2568: Thailand huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 543, kwa hiyo huo ni 2025. Ipige picha papo hapo, kwa maana wino wa karatasi za namna hiyo unaweza kufutika, kisha ihifadhi ndani ya pasipoti.

Hakuna kuvuka daraja la Nong Khai kwa miguu. Kuna basi la zamu linalokupeleka hadi dirisha la Laos.

Utaambiwa na wasafiri wenzako kwamba siku moja husamehewa. Mazoea hayo ni ya viwanja vya ndege, kwa aliyepitiliza saa chache tu. Mpakani nenda na 500 zako.

Ukitaka kurudi

Faini iliyolipwa haikufungii mlango, lakini alama imebaki kwenye pasipoti na kwenye kompyuta yao. Ukirudi kesho yake, tarajia maswali. Ni afadhali ukae nje kwa muda, urudi na viza uliyoiombea ubalozini, tiketi ya kutokea na anwani ya hoteli. Anayeingia bila viza kwa mpaka wa nchi kavu ana kikomo cha mara mbili kwa mwaka wa kalenda, kanuni iliyoanza mwisho wa 2016, hivyo usije ukatumia nafasi yako ya mwisho kwa safari ya haraka ya kwenda na kurudi.

Tangu 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza pia kadi ya kidijitali ya kuingia Thailand, ndani ya siku tatu kabla ya kuwasili, iwe kwa ndege, meli au barabara. Ni bure. Tovuti yoyote inayokudai malipo kwa kadi hiyo si ya serikali, funga ukurasa.

Na siku utakapojaza fomu ya viza ya nchi nyingine yoyote, ukakuta swali kama umewahi kupitiliza muda wa kukaa mahali, jibu ndiyo. Andika idadi ya siku, tarehe uliyotoka na kiasi ulicholipa, kisha ambatisha ile picha ya stakabadhi.